Ramani ya Maji Machafu

Nyumbani walimwita Pua, na jina lilimkaa. Tangu akiwa mdogo, baba yake akirudi kutoka kazini, yeye aliziba pua kwa vidole viwili na kukimbilia chumbani. Baba alikuwa mzibua mitaro. Alivua buti nje ya mlango, akaoga kwa sabuni mara mbili, na bado akikaa mezani Pua alihisi harufu imemtangulia kwenye sahani. Tuseme ukweli: binti huyu alimwonea baba yake kinyaa, akala jasho lake bila kuitazama mikono yake.

Akaingia sekondari. Kidato cha tatu wakapewa fomu ya kuchagua masomo. Mama alitaka biashara. Pua akachagua jiografia, kwa sababu kitabu chake kilijaa jangwa, theluji na volkano, vitu visivyonuka. Alishaapa kwamba akikua ataishi mbali na kila aina ya mtaro. Aliyemuuliza shuleni kazi ya baba yake aliambiwa yuko idara ya maji.

Sasa ngoja. Waliochagua jiografia walikuwa arobaini, nafasi ishirini. Mwalimu wao, mama mkavu asiyejua mzaha, akasema watakaobaki atawachagua kwa ramani moja tu: maji machafu ya shule yanatoka wapi na yanaishia wapi. Pua akajiuliza: Theluji iko wapi hapo?

Siku mbili alizunguka nyuma ya vyoo, kitambaa puani, akiruka madimbwi ya kijani yenye funza. Alitapika mara moja, na bomba hata moja hakuliona, maana yote yamefukiwa. Siku ya tatu akameza kiburi akamuuliza baba yake, ambaye shule ilimwita kila likizo vyoo vikijaa. Mzee hakuhitaji hata kuinuka. Alichovya kidole kwenye maji akachora juu ya meza: choo cha wavulana hapa, mteremko unashukia huku, na bomba limepasuka chini ya jiko, hatua sita kutoka kisimani.

"Kisima kipi, baba?"

"Hicho hicho mnachokunywa. Mkuu wenu nimemwambia mara tatu. Ananijibu, wewe zibua tu."

Pua akatoka mbio kwenda kutapika tena, safari hii kwa ajili ya miaka miwili ya maji yale. Aliporudi ndani kinyaa kilikuwa palepale, ila sasa kilimwendea mkuu wa shule, na koti lake la pasi, na chupa ya maji ya dukani isiyokosa mezani kwake. Karaha gani hiyo, mtu mzima na cheo chake! Akachora usiku huohuo.

Darasani, mwalimu aliishika ile ramani muda mrefu, kisha akamwita mkuu. Wanafunzi wakauona mstari mwekundu unaoishia kisimani. Mmoja akatema mate dirishani. Mkuu akasema huo ni uzushi wa mtoto. Mwalimu akamwonyesha Pua kwa kidole kona ya chini ya ramani, pale alipopaacha wazi kwa makusudi.

"Hapa unaandika nani amekwambia. Bila hivyo hii ni picha tu, mkuu ana haki ya kuitupa, na wewe utakwenda biashara."

Mkataa kwao mtumwa, mama yake alizoea kusema, na Pua alidhani ni maneno ya kujaza mazungumzo. Alimtazama mkuu akichezea kifungo cha koti, akaona afadhali wale funza. Akachukua kalamu ya wino, akaandika, kisha akasoma ili wote wasikie.

"Aliyetoa habari ni baba yangu. Ndiye anayezibua vyoo vya shule hii."

Msichana mmoja wa nyuma akaziba pua kwa vidole viwili. Pua aliufahamu mkono ule kuliko mtu yeyote mle ndani. Akageuka, akamtazama mwenzake mpaka mkono ukashuka.