Nguo za Kwenda Kwenye Barafu

Mimi baridi naijua. Nilikulia Kinangop, mahali nyasi zinaamka nyeupe, na sisi watoto tulipeleka maziwa barabarani miguu mitupu. Kwa hivyo mkwe wangu aliponipigia simu kutoka Kanada kunieleza nguo za kununua, nilimsikiliza kwa heshima tu. Aliongea juu ya buti zenye manyoya ndani, nguo ya kubana mwili, glavu juu ya glavu. Nikamwambia, "Kijana, mimi nilianza maisha na shati moja. Nipe habari ya mtoto wangu."

Hapo akaacha habari ya nguo.

Binti yangu alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kiume. Lakini yeye mwenyewe, tangu atoke hospitali, alikuwa amelala akiangalia ukuta. Hasemi. Akipewa mtoto ananyonyesha kama mtu anayefanya kibarua cha watu, halafu anageukia ukuta tena. Daktari wa kule alimpa dawa akasema itachukua muda. Kwetu kazi ya kwenda kukaa na mzazi ni ya mama yake, na mama yake tulikuwa tumemzika mwaka uliopita. Nikasema basi nitaenda mimi.

Pale dukani kwangu Kitengela, mahali nauza simiti na mabati, wazee wenzangu walipata kitu cha kucheka.

"Utaosha nepi wewe? Hata kikombe chako hujawahi kuosha."

"Nitajifunza."

"Na mtoto akilia utampa nini? Misumari?"

Nikacheka nao, lakini kicheko hakikufika ndani. Habari ya ukuta sikuwa nimemwambia mtu. Wangesema amerogwa, au amedekezwa na Wazungu, na sikuwa na nguvu ya kubishana.

Nguo nilienda kuchagua mwenyewe sokoni, mitumba ile ya daraja la kwanza. Nilipata koti la kufika magoti, sweta nene ya sufu yenye rangi ya majivu, boshori ya kufunika masikio, na viatu vya ngozi vya kufunga kamba, saizi yangu kamili. Jua lilikuwa linachoma na vumbi la malori linapita. Muuzaji aliniona ndani ya lile koti, jasho likinitoka, akauliza, "Mzee, hiyo unaenda nayo wapi? Mbinguni?"

"Karibu na huko," nikamwambia.

Sasa mimi sinunui kitu bila kukijaribu. Mbao naikanyaga, bomba nalipuliza. Sikusoma zaidi ya darasa la nne, na hivyo ndivyo nilivyojenga biashara yangu. Nikapakia zile nguo kwa pikapu nikaenda Kajiado kwa rafiki yangu Mmasai mwenye kichinjio. Yeye ananiita pakiteng, nami namwita hivyo hivyo, kwa sababu miaka ile nikiwa sina kitu alinipa ng'ombe, na nilipopata nikampa wangu. Ana chumba cha baridi cha kuwekea nyama za kupelekwa mbali.

Nikavaa kila kitu. Suruali mbili, koti la suti, sweta, lile koti refu juu, soksi tatu tatu. Viatu viliingia kwa nguvu.

"Pakiteng," akasema, "umevaa kama mtu anayehama na nyumba yake."

"Funga mlango."

"Nikufungie na mbuzi? Watasikia aibu. Wao wako uchi."

"Funga."

Akafunga. Mwanzo nilijisifu. Kifua kilikuwa na joto na mikono ilikuwa mfukoni. Nikasema, hii ndiyo baridi yule kijana ananitishia nayo? Nikatembea katikati ya zile nyama zinazoning'inia, pumzi yangu ikitoka kama moshi wa kuni mbichi. Kisha vidole vya miguu vikaanza kuuma, kisha vikaacha kuuma, na hiyo ya kuacha ndiyo mbaya. Nikakanyaga sakafu, sikusikia sakafu. Mbele yangu kulikuwa na ukuta mweupe mtupu, na nikajikuta nimesimama nauangalia tu. Sijui ni kwa muda gani. Nilikuwa sifikiri chochote. Hata kugonga mlango sikuwa nimefikiria, mpaka rafiki yangu akaufungua mwenyewe akanivuta kwa mkono.

Nikiwa hapo mlangoni simu ikalia. Ilikuwa ile ya kuonana, ya mkwe wangu. Kila siku alikuwa ananipigia hivyo, anaweka simu karibu na kitanda, naongea na mgongo wa binti yangu mpaka maneno yananiishia.

"Baba," mkwe akasema, "hiyo nyuma yako ni nyama?"

"Ni nyama. Najaribu nguo."

Nikasikia kitanda kikilia. Uso wa binti yangu ukaingia kwa simu. Umekonda, nywele hazijachanwa. Naye namwita mama, kwa vile ana jina la mama yangu mzazi.

"Baba, uko wapi?"

Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake tangu ajifungue. Sikuonyesha chochote.

"Niko Kajiado, mama. Ndani ya friji ya nyama."

"Simama nikuone."

Rafiki yangu akashika simu, akaishusha polepole kutoka boshori mpaka viatu.

"Soksi umevaa ngapi?"

"Tatu."

"Na viatu ni saizi yako?"

"Kamili kabisa."

"Sasa damu itapita wapi, Baba? Huku utakatwa vidole."

"Basi nitatafuta vikubwa."

Akavuta blanketi mpaka kidevuni. Kisha akasema, "Usikuje."

"Kwa nini?"

"Sitaki unione hivi."

"Nishakuona," nikamwambia. "Nakuja."

Nilidhani amerudi kwa ukuta. Mkwe alikuwa anataka kuchukua simu. Ndipo binti yangu akasema kwa sauti ya chini, "Kama unakuja, niletee ile sweta ya Mami. Ya bluu, ya vifungo."

"Nitaileta," nikasema.

Rafiki yangu akafunga mlango wa kile chumba. Alinipa kikombe cha supu nikakishika kwa mikono miwili.

Ile sweta haikuwa nyumbani. Nguo za marehemu zilikuwa zimegawanywa na akina mama wa kanisa, kama inavyofanywa. Lakini nilijua iko wapi. Nilikuwa naiona kila asubuhi mgongoni mwa mama mmoja anayeuza sukuma wiki karibu na steji ya matatu, na kila asubuhi nilikuwa napita nikiangalia upande mwingine.

Mimi si mtu wa kuomba. Hata nikilala njaa sikuomba. Siku moja kabla ya kusafiri nikaenda nikasimama mbele ya meza yake.

"Karibu, Mzee. Nikukatie ya ngapi?"

"Sikuja kwa mboga. Nimekuja kwa hiyo sweta."

Akashika vifungo. "Nilipewa, Mzee. Sikuiba."

"Najua ulipewa. Naiomba."

Wenzake wakaacha kukata mboga.

"Wewe unaomba?"

"Naomba. Mtoto wa marehemu ni mgonjwa, anaitaka."

Akaanza kufungua kifungo cha juu, halafu akasimama. "Na mimi asubuhi nitavaa nini? Hapa upepo unatoka huko uwandani moja kwa moja."

Alikuwa na haki. Nikarudi kwa pikapu nikatoa ile sweta ya sufu, nikampa. Akaivaa, mikono ikameza vidole vyake.

"Na huko kwa barafu utafanyaje?"

"Niko na koti."

Akaikunja ile ya bluu vizuri kuliko ningeikunja mimi. Kiwiko kimoja kilikuwa kimeshonwa na uzi mweusi, na mfuko mmoja ulikuwa umeng'oka. Ilinuka vitunguu na makaa.

"Ningekufulia kwanza, Mzee."

"Wacha hivyo hivyo."

Nyumbani nikaiweka ndani ya sanduku, juu ya njahi, yale maharagwe meusi ya kumpikia mzazi, na unga wa uji, nikapiga simu.

"Mwambie nimeipata," nikamwambia mkwe. "Mwambie mfuko mmoja haupo, na imevaliwa na mtu mwingine."

Nilisikia akimweleza. Mtoto alikuwa analia mahali. Nikangoja.

"Amesema nini?"

"Bado amelala vile vile, Baba." Kisha akasema, "Ngoja. Anauliza unafika lini."

"Kesho kutwa," nikasema. "Jioni."

Simu ikakatika kabla ya jibu. Nikabaki nimekaa kando ya sanduku, sijui kama alisikia.