Siku Waliyomlilia Agogo

Bora niiseme mwenyewe kabla hamujaipata kwa wengine, maana hapa kambini Dzaleka hadithi ikitoka kwenye bomba la maji mpaka ifike mlango wa kanisa inakuwa imezaa batoto: mimi Baba Furaha, fundi cherehani, mutu mzima mwenye heshima kidogo, nilikusanya kilio kizima kule Lilongwe, Area 18, bamama bakaimba, mwanaume moja akatoa machozi ya kweli, na maiti yenyewe ilikuwa gari. (Na hata gari haikukufa vizuri. Nitafika huko.)

Gari munaijua. Ni ile fupi ya kijani kama sombe, majani ya muhogo, iliyoungua, haina mkia, mlango wake wa nyuma unafungukia juu. Batoto wa kambi njo waliipa jina Agogo, maana yake nyanya au bibi kwa Kichewa, sababu asubuhi inakohoa na kwenye mlima inapanda ikijisemesha yenyewe. Nami jina lile nikalizoea mpaka sikumbuki kama ni jina la mutu.

Batu bananiulizaga, we Baba Furaha, unapenda nini kwenye hii gari, na mi sinaga jibu la mutu aliyesoma. Haijawahi kuwa gari ya mkubwa. Kwetu Bukavu, pale Nyawera, gari kama hii zilikuwa taxi, zilikuwa za balimu na za bauguzi, tulipanda batoto batatu kwenye nafasi moja aliyolipa baba, magoti yakigusa kidevu. Zilikuwa nyingi kama mbuzi, na kwa sababu zilikuwa nyingi hakuna aliyewaza kuzitunza. Mutu anatunzaga kitu cha ajabu, cha kila siku anakitumia mpaka kinaisha, halafu siku moja unasimama pembeni ya barabara unatafuta hata moja na hauioni. Basi mi natunza hii moja. Viti viko na kitambaa chake kile kile cha mistari, palipochanika nimeshona na uzi wa rangi ile niliouzungukia soko la Tsoka lote, kila meza, hadi nikaupata. Redio inakula kaseti. Kisahani cha majivu kiko mahali pake, hata kama ndani ya gari yangu havuti mutu. Ukilaza kiti cha nyuma, ngoma zote za kwaya zinaingia, na bibi arusi na gauni lake anaingia bila kukunja pindo. Pengine ni upumbavu, nikizisoma sababu zangu hivi kwenye karatasi naona ni ndogo sana.

Mama Furaha, mke wangu, anasema ni upumbavu, na nataka nimtendee haki: alikuwa na ukweli. Tunashona wawili, na hatuna mashini ya surje, ile inayofunga ncha za kitambaa zisitoke nyuzi, na bateja bameanza kuona. Kwa hiyo yeye mwenyewe alinitafutia mununuzi, bwana Phiri, anayefanya kazi kwenye depo moja Kanengo na anakaa Area 18. Zamani aliendesha malori ya kwenda Dar, Kiswahili chake ni safi kuliko changu. Mke wake ana gari kama Agogo, ndugu kabisa, na yeye alitaka yangu aikate: achukue milango, vioo, moteri, zinazobaki auze kama chuma. Nikakubali. Mama Furaha akaondoa meza ndogo kwenye kona ya chumba cha kushonea, kona ikabaki wazi, ikingoja mashini.

Siku ya kupeleka nikavaa koti langu jeusi, lile la mazishi na la mikutano, nikiona haifai mutu auze Agogo na shati tu. Kibali cha kutoka kambini kilikuwa mfukoni. Batoto wa jirani bakatusukuma, Agogo akawaka, maana demareri, kile kifaa cha kuwasha moteri, ilikuwa mgonjwa, na sheria ya gari yangu ni moja tu, hata Furaha binti yangu anaijua: ikishawaka, usizime mpaka ufike. Tukaenda vizuri, mi na yeye, Kanengo tukapita, Area 18 tukaingia, nikaona mlango wa chuma wa bluu wa bwana Phiri kama nilivyoelekezwa. Alisema atatoka kazini saa sita. Nilikuwa nimefika mapema. Na hapo, bandugu, nikazima.

Nilizima ili nimpanguse vumbi. Njo hiyo tu. Nilitaka bwana Phiri amukute Agogo akiwa safi, usoni na kwenye vioo, na kupangusa gari inayotetemeka ni kazi ya bure. (Tangu siku ile najiuliza kama mukono wangu ulijua jambo ambalo mi sikujua.)

Nilipomaliza nikageuza ufunguo. Tk. Nikageuza tena. Tk. Agogo alikuwa amesimama vibaya, nusu barabarani, kwenye kona, na bakabaza walikuwa wanakata kona na baiskeli zao wakibeba batu nyuma bila kuangalia, nikaogopa mutu ataumia. Sasa, kwetu Kongo gari ikikufa barabarani unafanya nini? Unakata matawi ya muti, unaweka mbele, unaweka nyuma, kila mutu anaelewa. Hata hapa Malawi, kwenye barabara kubwa, malori yanafanya hivyo. Kulikuwa na muti kwenye ukuta wa bwana Phiri, nikavunja matawi yenye majani mengi, nikaweka mbele, nikaweka nyuma, na lingine lililobaki mukononi nikaliegemeza kwenye mlango wa bluu, kwa usafi. Na najua, msiniambie, nimekaa nchi hii miaka, najua kwamba majani yakiwekwa barabarani mbele ya nyumba ya mutu yanasema nyumba ile iko na maliro, kuna mutu amefariki, magari yaende polepole. Nilijua kama unavyojua mahali pa miwani yako wakati iko kichwani.

Nikavua kofia, nikalala chini ya Agogo nigonge demareri na nyundo. Ndipo nikaona miguu ya mwanamke. Alikuwa mama anayeuza nyanya pale ng'ambo ya barabara.

Akainama. "Ndani?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Kwa Kichewa "ndani" ni "nani". Hilo nalo nalijua. Lakini sikio la mutu aliye chini ya gari linasikia luga ya mama yake, na bamama wengi wa Malawi wanaofanya biashara na sisi banajua maneno mawili matatu ya Kiswahili, nikaona huyu ananionea huruma, anauliza kama ugonjwa uko ndani ya moteri.

"Ee mama, ndani," nikasema. "Ndani kabisa." Nikanyoosha nyundo kwenye kapo, kile kifuniko cha moteri, na kapo ya Agogo ilikuwa inaangalia mlango wa bluu.

Akaangalia ule mlango. Kisha akasema, "Agogo?"

Wallahi nilifurahi kidogo. Nikawaza, sifa ya gari yangu imefika mpaka Area 18. "Ee, Agogo," nikasema, na kwa Kichewa changu cha sokoni nikaongeza, "wafa." Amekufa.

"Pepani, achimwene," akasema, pole kaka, na miguu ikaondoka haraka.

Nikatoka chini ya gari nikakaa kwenye ukuta, koti jeusi, kofia mukononi, kichwa kwenye viganja, nikiwaza ile kona wazi ya nyumbani na nikiwaza namna ya kukabidhi gari isiyowaka. Mutu yeyote angepita angesema huyu ni mfiwa. Sitaki kuwasingizia bamama wale, picha niliwachorea mi mwenyewe.

Bakakuja. Kwanza watatu, viunoni bamefunga vitenje, moja na kuni kichwani, wawili na unga kwenye beseni. Nikasema moyoni, hawa batu ni wema, bamekuja kusukuma. (Nilishangaa kuni. Nilisema labda wanapita nazo sokoni.) Bakakaa chini karibu na ukuta, hawakusukuma. Bakakuja wengine. Mzee moja mwenye kofia ya majani akaiweka kifuani, akanishika mukono kwa mikono miwili, akasema "Pepani kwambiri," na macho yake yalikuwa yamejaa. Hapo ndipo nikaanza kuelewa. Kisha yule mama wa nyanya akaanzisha wimbo, ule ambao hata sisi kanisani tunaimbaga tukiwa na maiti, maneno tu yanabadilika, na wengine bakaupokea kwa sauti mbili.

Nikasimama niseme. Kichewa chote kikanitoroka. Nikabaki nasema "galimoto, galimoto," gari, gari, na mzee mwenye kofia akafikiri bibi wa nyumba ile amegongwa na gari, na kwa kuwa mi ndiye niliyesimama karibu na gari, akaniachia mukono.

Hapo ikafika pikapu, mbio mbio, bwana Phiri hakufunga hata mlango. Kumbe walishampigia simu kule Kanengo. Alikuwa mwanaume mnene wa kuvaa kalamu mfukoni, na alikuwa analia kama mutoto, akapita mbele yangu akisema "Mayi, mayi," mama, mama. Mimi nimeona mambo mengi, lakini kile kilio kilinikata, maana kilikuwa cha kweli na kilikuwa changu, mimi njo niliyekitengeneza.

Hakufika mlangoni. Mlango wa bluu ulifunguka wenyewe, tawi likaanguka, na akatoka bibi mfupi, mzee sana, na ungo wa karanga alizokuwa anaanika uani. Alikuwa mzito wa masikio, wimbo ulimfikia yeye wa mwisho. Akaangalia bamama, akaangalia kuni, akaangalia mtoto wake anayelia.

"Ndani?" akauliza. Ni nani aliyekufa?

Wimbo uliisha katikati ya neno. Bwana Phiri alimshika mabega, akamugusa uso, akamugusa tena, kisha wote, polepole, bakageuka kuniangalia mimi.

"Wewe ndiye fundi wa Dzaleka?" bwana Phiri akaniuliza kwa Kiswahili.

"Njo mimi, baba."

"Umewaambia watu mama yangu amekufa?"

"Niliwaambia Agogo. Agogo ni gari, baba. Ni jina ya gari. Majani ni ya kona, kabaza zisigonge."

Akawatafsiria. Mama wa nyanya akafunika mdomo na kitenje. Mzee mwenye kofia hakucheka, alisema neno, na bwana Phiri akanipatia bila kulilainisha: "Anasema kifo hakiitwi kwa mchezo, kinaweza kusikia." Na mzee alikuwa na haki, nikapiga magoti kwenye vumbi na koti langu nikasema pepani kwake, na kwa bibi, na kwa kila mama, mpaka bibi mwenyewe akaniinua kwa sikio. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu yanapanda. Aliwaambia kitu, bamama bote bakacheka, hata yule mzee kidogo.

"Anasema leo amejua nani angekuja na nani angechelewa," bwana Phiri akasema. "Anasema mimi nimechelewa."

Mama wa nyanya akauliza unga utafanywa nini, kwa vile unga uliotoka kwa ajili ya maliro hapendi kuurudisha nyumbani kwake. Bibi akasema kuni si ziko. Basi nsima, ugali wao, ikapikwa uani, mi nikala pamoja nao, na kila aliyenipitia alinipa pole ya Agogo, wengine na uso mukavu kabisa.

Baada ya kula bibi akataka kumuona marehemu. Akafungua mlango wa mbele, akageuka, akaketi, akavuta miguu ndani, bila kusaidiwa na mutu. Akapapasa kiti, pale niliposhona. Alikaa muda mrefu.

"Kwenye pikapu yangu mama tunampandisha kama gunia," bwana Phiri akasema, kama anaongea peke yake. Kisha akanivuta pembeni. "Ndugu yangu, tusidanganyane. Siwezi kukata hii gari."

"Tulipatana, baba. Mke wangu anangoja."

"Najua tulipatana. Lakini watu wamemlilia mama yangu kwa jina la hii gari. Leo niikate, kesho mama aumwe kichwa, mtaa mzima utaniangalia mimi na msumeno wangu."

"Basi inunue nzima," nikasema, na Mungu ananiona, nilisema kwa ajili ya Mama Furaha, kila neno lilikuwa linaniuma. "Awe anapanda yeye."

"Kama hii ninayo moja tayari, ya mke wangu, na kila Jumamosi yangu inakwenda kuitibu. Nyumba yangu moja haiwezi kuuguza mbili."

Bamama wa maliro njo walionisukuma. Agogo akawaka mbele ya duka la kwanza, na nyuma yangu nikasikia vigelegele, nikashindwa kuwapungia mukono kwa haya. Njia yote nilikuwa na furaha ya mwizi. Nilijaribu kuhuzunika kwa haki, sikuweza mpaka nilipoona taa za kambi.

Mama Furaha alikuwa mlangoni. Simu ya bwana Phiri ilikuwa imefika kabla yangu.

"Pole na msiba," akasema.

"Mama Furaha, nisikilize."

"Nimesikia. Bamama bamekuimbia. Mimi nilipofiwa na mama yangu hapa kambini, tuliimba watu sita." Akaingia ndani. Hakupiga kelele, angepiga ingekuwa afadhali.

Tangu siku ile sizimi gari mbele ya mlango wa mutu, na Agogo akisimama njiani nasimama mi mwenyewe mbele yake na mikono juu, majani nawaachia mbuzi. Siku za Jumamosi nabeba nguo za maharusi na ngoma za makanisa mengine, wananipa kitu, Mama Furaha anakiweka anapojua yeye. Mashini bado. Kila asubuhi anafagia chumba cha kushonea, anaanza na ile kona wazi, anaifagia vizuri kuliko mahali pengine pote, kisha ananipa ufagio.