Ufagio wa Shangazi na Ua la Mama

Mama alifariki katikati ya mvua za masika, akatuachia nyumba ya vyumba viwili kando ya mashamba ya chai ya Mufindi, watoto wanne ambao mkubwa wao nilikuwa mimi, na kichaka kimoja ambacho ukoo mzima haukujua kazi yake. Baba alikuwa ametangulia zamani, kwa hiyo hakuwa na maoni.

Kichaka hicho Mama alikitoa kwenye bustani ya meneja wa shamba, alikokuwa akipalilia maua ya watu wengine. Wenyewe walikiita azalea. Hakikuwahi kuvuka goti langu, hata kilipozeeka. Majani yake yalibaki kijani mwaka mzima, hata sakitu, ile barafu ya alfajiri, ilipounguza viazi vya jirani, na mwezi wa tisa kilijaa maua mekundu mpaka majani hayaonekani. Hakiliwi, hakinyweki, na mbuzi akikila anaumwa. Kwa watu wa kwetu, ambao hata uzio sharti uzae maboga, huo ulikuwa utovu wa adabu.

Niliacha shule darasa la sita. Hakuna aliyeniambia niache. Hakuna pia aliyeuliza nani atapika uji.

Shangazi, dada wa baba, alikuja msibani kutoka Chimala, akabaki kutusaidia. Alitusaidia sana. Alitusaidia kumaliza mahindi ya darini, alitusaidia kulia kila alipopita mgeni, na kila alfajiri alitusaidia kufagia uwanja. Mipango yetu alikuwa nayo tayari. Baba mkubwa, aliyekuwa karani Mbeya mjini, angekuja baada ya mavuno, kikao kingekaa, na watoto wangegawanywa. Mdogo wangu wa kiume angekwenda Chimala kuamia ndege kwenye mpunga wa Shangazi. Wa kike angekwenda Mbeya kulea mtoto wa baba mkubwa. Kitinda mimba angepelekwa kwa yeyote ambaye angechelewa kukataa. Mimi ningeolewa, na nyumba ingefungwa. Yote haya kwa upendo.

"Mtabaki labda baba yako mkubwa akute nyumba ina mwenyewe," Shangazi aliniambia. "Na nyumba yenye mwenyewe inaonekana uwanjani."

Kwetu uwanja wa mtu mwema ni mweupe kama sakafu, na alama za ufagio zinaonekana. Ila Mama hakufagia chini ya kile kichaka. Mizizi yake hukaa juu juu, myembamba kama nywele, naye aliifunika kwa majani makavu ya miti ya misindano aliyoyaokota msituni kwa kikapu. Alisema kinataka udongo mchachu, wenye unyevu, na kisiguswe. Shangazi aliyaona majani yale akahuzunika kwa niaba ya ukoo. Akayafagia yote, akakwangua mpaka mizizi ikachungulia. Kisha, kwa kuwa alikuwa na huruma, akakimwagia majivu ya jikoni, kama tunavyofanya kwenye maboga.

Haikuchukua muda majani yakawa ya njano, mishipa tu ikabaki kijani.

"Unaona?" Shangazi akasema. "Hata ua la mama yako limekushinda. Utawaweza watoto?"

"Shangazi, ni majivu. Yameua uchachu wa udongo."

"Majivu yamekuza ukoo mzima huu, mwanangu. Wewe mwenyewe umekuzwa na majivu."

Nikayaondoa majivu pamoja na udongo wake wa juu, nikaleta udongo wa chini ya michai mikongwe, nikafunika kwa majani ya misindano. Asubuhi Shangazi akafagia. Nikarudisha. Akafagia. Wadogo zangu walizoea kuamka na kutazama nani ameshinda.

Nilichokuja kukumbuka ni sheria ya Shangazi mwenyewe. Siku ya mazishi alimfokea jirani aliyeshika ufagio karibu na kaburi la Mama, nyuma ya nyumba, penye kivuli. Kaburi bichi, alisema, haliguswi na ufagio mpaka msalaba wa saruji usimikwe. Na msalaba wa saruji ulikuwa unamngoja baba mkubwa, maana yake hakukuwa na haraka.

Siku moja ya manyunyu, Shangazi akiwa kanisani kutuombea, nilikizungushia kichaka jembe kwa mbali, nikakiinua na bonge lake la udongo, nikakipanda kichwani kwa Mama. Nikakimwagia kikapu kizima cha majani ya misindano. Shangazi aliporudi alisimama pale na ufagio mkononi, akatazama kaburi, akanitazama mimi, akaenda kufagia mahali ambapo palikuwa peupe tayari.

Baba mkubwa aliwasili mwezi wa tisa, na koti la suti na mafua. "Kamwene," akatusalimu, kisha akaomba kuona kaburi. Kichaka kilikuwa kimelipuka chekundu kizima.

"Nani anakitunza?"

"Mimi na wadogo zangu," nikasema. "Watoto hawa hawaendi popote, Baba. Wakienda, nani atabaki na mama yao?"

"Kaka, tazama uchafu huo chini yake," Shangazi akasema. "Ndiyo nyumba anayotaka kuachiwa."

Baba mkubwa alitazama kwa muda mrefu. Mtu angedhani anafikiri juu ya marehemu. Lakini nilimfahamu mke wake, asiyetaka mdomo wa ziada mezani, na nilijua ni kiasi gani alitamani sababu nzuri ya kurudi Mbeya bila mtoto wa mtu.

"Kaburi haliwezi kuachwa peke yake," akatamka, kwa sauti ya kikao. "Wabaki wote. Huyu mkubwa ameonyesha."

Basi tukabaki wote wanne. Upendo wa ukoo ulipanda basi kurudi Mbeya siku iliyofuata, umepumua.

Shangazi alifunga mzigo wake, na ndege wa mpunga wakabaki wanamngoja yeye mwenyewe. Mlangoni akageuka.

"Nipe tawi la hilo ua. Nikalipande kwangu."

Nikamkatia tawi zuri, nikalifunga kwa kitambaa chenye maji. Chimala kuna joto la kukausha samaki.

"Lifagilie kila asubuhi, Shangazi," nikamwambia. "Na majivu usisahau."