Vidole Viwili vya Mhariri

Mhariri wetu wa jarida akiletewa makala ya mtu wake, haifungui, asije akaambiwa anapendelea. Huisukuma kwa vidole viwili hadi kwa naibu wake, kama sufuria ya moto: “Huyu shemeji yangu, soma wewe.” Amesukuma za wanafunzi wake wa zamani, amesukuma hata ya jirani aliyewahi kumwazima ngazi! Mimi karani wake kwa miaka tisa, ninayejua chai yake haitiwi sukari, kila anaposukuma roho inaniuma. Jana niliweka mezani makala yangu ya kwanza, nikasubiri vile vidole. Akavaa miwani, akafungua ukurasa.

“Hii yako nasoma mwenyewe, bwana,” akasema. “Wewe si mtu wangu.”