Mjane Hakumpa Mwami Maziwa

Juzi, rafiki yangu, nilikuwa nimekaa katika ukumbi mmoja hapa Goma ambamo sisi wasimulizi hukutana kurekodi hadithi za zamani zisije zikapotea. Muzee mmoja mwenye koti zuri akapanda jukwaani na kuanza hadithi aliyokuwa akitusimulia nyanya yangu. Nilimtambua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, na damu ikanichemka.

Utotoni tulikaa Munigi, ndani ya ua wa mawe meusi ya volkano. Nyanya alikuwa ameshuka kutoka milima ya Masisi na hadithi zake zote kichwani. Jioni, sombe ya majani ya muhogo ikichemka na moshi ukitutoa machozi, alitumwagia maharage mabichi mkekani tuyamenye. Sheria yake ilikuwa moja: anayesikiliza anafanya kazi. Ukiacha kumenya, naye anaacha kusimulia. Hata jirani yetu muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akija kuomba moto, alishika kwanza fungu la maharage ndipo akauliza tumefika wapi.

Tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mjane aliyenyang'anywa na mwami, mtawala wa nchi yao, ng'ombe wake wa pekee. Ukame ukaja, ng'ombe akarudi mwenyewe kwa mjane, na mwami akamfuata kwa miguu, midomo imempasuka kwa kiu. Mjane akamkama ng'ombe mbele yake, akamwaga maziwa yote chini, akasema, "Nenda ukanyonye kiti chako!" Hapo tulipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Utamu ulioje! Hatukuwa na kitu, lakini jioni zile hata wakubwa walituogopa.

Siku moja akaja bwana kutoka mjini, na mashine ya kurekodi na suruali nyeupe. Nyanya akamsukumia maharage.

"Papa, shika, tufanye pamoja."

"Hapana koko, bibi yetu," akacheka, "miye nilikuya kusikiliza tu."

Nyanya alimtazama kidogo, kisha akasimulia vizuri ajabu. Ila mwishoni mjane akampa mwami maziwa, wakalia wote wawili, wakakumbatiana. Sisi watoto tuliinamia maganda tusicheke. Bwana alifuta macho, akaahidi kurudi atusikilizishe sauti ya nyanya. Alipoondoka, nyanya alisema tu, "Mkono mtupu haulambwi." Hata hivyo alimngoja, maana alitamani kuisikia sauti yake. Alimngoja mpaka tukamzika.

Na huyo ndiye aliyesimama jukwaani juzi, akimnywesha mwami maziwa na kuhubiri msamaha. "Hadithi ya wazee wetu," alisema, akiinua kitabu alichoiandika ndani yake. Jina la nyanya hakulitaja. Watu wakapiga makofi. Kisha akanijia na mpiga picha, kwa kuwa alikuwa ameambiwa nimekulia wapi.

"Mama, weye ulikomalia Munigi. Njo vile wazee walikuwa wanaisimulia, si vile? Sema mbele ya kamera, ibakie kwa batoto."

Ningeweza kumrekebisha. Usiniambie habari za kusamehe, rafiki yangu, mimi simsamehe.

"Njo vile, papa," nikamkubalia. "Hakuna neno hata moja lililopotea."

Nilitoka pale nikitembea kama bibi harusi. Abaki na uongo wake, aufungie kabatini, wajukuu zake waurithi!

Nyumbani, kwa furaha ile ile, nikamtajia binti yangu yule muzee, kisha nikamsimulia hadithi yenyewe, maziwa chini na kiti cha mwami. Akanisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa.

"Hapana mama, haiko vile. Ule mama alimupatia mwami maziwa. Mwalimu alitusomea mu kitabu cha ule muzee. Weye njo unakosea."

Nilicheka kwanza. Nikamwambia mimi nilikuwepo, niliisikia kwa masikio yangu. Lakini wenzangu wa mkekani vita viliwatawanya. Wengine walipita kambi za wakimbizi za Kanyaruchinya, na tangu hapo sijui walipo. Ua wetu uliliwa na moto wa mlima. Siku hizi hata maharage nayanunua yamekwisha kumenywa.

"Basi nani mwingine anaijua vile?" binti yangu akauliza.

Nikafungua mdomo nimtajie mtu, na sikuwa na jina hata moja.