Jina la Mama Limefichwa kwa Mstari Mmoja

Admin, mimi nifiche vizuri, maana bosi wangu naye humu yumo. Nina miaka ishirini na tisa, nafanya kazi kwenye ofisi ya kutengeneza vitabu hapa Malindi.

Mwaka jana bosi alitaka kitabu cha miti ya dawa. Nikampeleka kwa mamangu, kijijini Marafa. Mama hakusoma, ila hakuna mti asioujua. Alisimulia miezi mitatu, mimi naandika kwenye kompyuta. Kila mti niliutilia alama zake: hapa jina, hapa unatibu nini, hapa nani kasimulia. Msomaji hazioni alama hizo. Kuna programu inazisoma na kutoa kurasa za kuchapisha.

Hiyo programu ilinitoa jasho kuipata. Bosi alileta ya kununua, ikavuruga majedwali na kupeleka picha ya mkilifi kwenye mti mwingine kabisa. Nikajaribu nne za bure, moja ikakubali. Bosi akacheka. "Hivyo vya bure utavijua mwenyewe, mimi usinihusishe."

Juzi naona jalada: jina lake peke yake. Nikamuuliza, "Na mama je?" Akajibu hata hakuniangalia, "Mamako kusoma hajui, jina la nini? Na huko ndani pia, mfiche." Nikasema sawa, bosi. Roho inanichoma mpaka leo.

Nimemficha kweli, kwa mstari mmoja tu kwenye faili la mpangilio, unaoiambia programu isichapishe jina la msimulizi. Lakini jina la mama halijafutika, limo chini ya kila mti. Nikiuondoa mstari ule, kila ukurasa utamtaja. Bosi hatakagua, akishaona jalada lake basi. Atakuja kuliona Jumamosi, kwenye uzinduzi kule Bofa, mbele ya wageni wake. Natamani huo uso niutazame taratibu.

Najua kazi itaisha, na kazi hii ndiyo inayotulisha mimi na mama. Nilimweleza nikidhani atanizuia. Akasema, "Mwanangu, nifundishe kwanza jina langu linavyoandikwa. Nisije nikapewa kitabu nikalipita."

Tangu siku hiyo anajifunza, analiandika kwa mkaa ukutani jikoni. Kesho asubuhi natuma faili kwa mchapishaji. Nishaurini jamani, niuondoe ule mstari au niuache? Habari za kusamehe msiniletee, hizo sijauliza.