Dobi na Maombi ya Mvua

Dobi hakukosa jibu. Akiulizwa kwa nini watoto wamefika tisa katika vyumba viwili, alisema kila mtoto huja na riziki yake. Akiulizwa kwa nini kijito cha nyuma ya nyumba, alikofulia nguo za watu, kimekonda vile, alisema siku hizi watu wamezidi. Watu, kwake, walikuwa wale wa nyumba za jirani. Wa kwake walikuwa baraka.

Nguo za wateja zikarundikana hadi kitandani, na mkewe ana mimba ya kumi. Bila maji, wote hao wangelala njaa. Dobi akamwendea kiongozi wa ibada.

"Mzee, tufunge, tuombe mvua."

"Tutafunga," akasema kiongozi. Kitambi chake kilikuwa hakijawahi kusikia habari hizo.

Siku ya maombi umati ulijaa ukingoni mwa kijito. Kiongozi alihubiri kwamba dunia ni amana, tamaa ndiyo iliyoikausha, na tajiri ni yule anayetosheka. Watu walilia kweli. Jua lilipozama walishambulia vyakula vya kufungashiwa na maji ya chupa kana kwamba dunia inafungwa kesho. Chupa yake dobi aliifunga uzi mwekundu, kama anavyotia alama nguo za wateja, asije mtu akanywa maji yake yaliyoombewa. Walipomaliza, kila mmoja alitupa mifuko na chupa yake kijitoni na kuinua mikono mitupu kupokea baraka.

Mvua ikaja, tena ya kumwaga. Takataka zikakwama chini ya kidaraja cha kijito, maji yakakosa njia, yakageuka na kuingia kwa dobi bila hodi. Nguo za wateja zikaondoka nayo.

Kiongozi alifika amekunja suruali. "Umeona, dobi? Tumejibiwa."

Mke wa dobi alikuwa juu ya meza na watoto wake, amechoka na amekasirika.

"Baba watoto, maji tumepewa. Njia tumeziba wenyewe. Nenda kazibue."

Dobi alitoka akiwatukana majirani na uzazi wao. Akaingia maji ya kifua, akapeleka mkono chini ya kidaraja, akavuta chupa ya kwanza. Shingoni ilikuwa na uzi mwekundu.

"Ya nani hiyo?" kiongozi akauliza.

Majirani wakasogea kusikia jibu.

"Yangu," akasema dobi, akainama kuvuta nyingine.